Vita vya Mbali, Unga wa Nyumbani: Tufahamu Kwanza Ndipo Tutende

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila linapozuka jambo kubwa ulimwenguni, misikitini mwetu husikika kauli mbili. Ya kwanza husema kuwa hizi ni dalili za Kiyama, na hakuna la kufanya ila kusubiri. Ya pili husema kuwa hizi ni njama za wakubwa wa dunia, na sisi wanyonge hatuna letu ila kulalamika. Kauli hizi zaonekana kupingana, lakini mwisho wake ni mmoja: zote mbili humwacha msemaji ameketi pale pale alipokuwa. Tungependa kuonesha, kwa mfano mmoja unaomgusa kila mwenye familia, kuwa dini yetu haikutufundisha kuketi namna hiyo.

Mfano wenyewe ni unga wa ngano. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine. Wengi wetu tuliiona habari hiyo kuwa ni ya watu wengine na bara jingine. Haikupita muda, bei ya unga na ya mafuta ya kupikia ikapanda katika maduka ya Mombasa na Dar es Salaam, na muuza maandazi akalazimika ama kupunguza ukubwa wa andazi au kupandisha bei yake. Je, vita vya huko viliingiaje katika karai la huku?

Jibu lake halina siri. Kabla ya vita, Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote inayouzwa baina ya mataifa. Ukraine peke yake ilikuwa ikiuza takriban nusu ya mafuta ya alizeti katika soko la dunia, na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa mbolea ya chumvichumvi. Bandari za Ukraine katika Bahari Nyeusi zilipofungwa, shehena zilikwama. Machi 2022 kipimo cha bei za vyakula cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) kilipanda kuliko wakati wowote tangu kilipoanza kuhesabiwa mwaka 1990. Kisha mataifa mengine yakaingiwa na hofu. Tarehe 28 Aprili Indonesia ilizuia mafuta ya mawese kutoka nchini mwake kwa muda wa wiki tatu hivi, na tarehe 13 Mei India ikazuia ngano yake. Hofu ya kila mmoja ikawa mzigo juu ya wote.

Tarehe 22 Julai 2022, kwa usuluhishi wa Umoja wa Mataifa na Uturuki, mapatano yalitiwa saini Istanbul ili meli za nafaka zipite kwa usalama. Kwa njia hiyo zilitoka karibu tani milioni 33 za nafaka na vyakula vingine, hadi Urusi ilipojitoa tarehe 17 Julai 2023. Basi haya ni mambo yenye sababu zinazojulikana na tarehe zinazojulikana. Anayeyatia yote katika neno moja la "njama" au neno moja la "dalili" amejinyima elimu ambayo ingemsaidia kutenda.

Wala kutafuta sababu si uchache wa imani, kama baadhi ya ndugu zetu wanavyodhani. Mwaka 808 Hijria, sawa na 1405 Miladia, mwanachuoni Al-Maqrizi wa Cairo aliandika kitabu chake Ighathat al-Umma kuhusu njaa zilizoikumba Misri. Aliwahi kuwa muhtasib, yaani msimamizi wa soko, kwa hiyo alijua mizani na bei kwa macho yake. Watu wa zama zake walikuwa wakisema kuwa balaa kama lile halijapata kuonekana. Yeye aliwarejesha katika historia, akawaorodheshea njaa zilizotangulia. Hakukanusha kuwa mto Nile ulipungua maji, lakini alisema kuwa shida ile ilirefushwa na mikono ya watu. Alitaja sababu tatu: vyeo kutolewa kwa rushwa, kodi za ardhi kupandishwa hadi mkulima akashindwa kulima, na sarafu za shaba kumiminwa sokoni hadi fedha ikakosa thamani. Huyu alikuwa mtu wa Hadith na wa msikiti, na aliamini Kadari kama tunavyoiamini sisi. Hakuona kuwa kuamini Kadari kwamzuia kuuliza ni nani aliyepandisha kodi.

Swali hilo hilo twaweza kuliuliza leo kuhusu Sudan. Nchi ile ina ardhi ya Gezira, baina ya Nile ya Buluu na Nile Nyeupe, ambayo ni miongoni mwa mashamba makubwa kabisa ya umwagiliaji duniani. Vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023 baina ya makundi mawili yenye silaha, ambayo askari wao wengi huelekea Kibla kimoja. Desemba mwaka huo vilifika Gezira kwenyewe, na wakulima wakakimbia. Agosti 2024 ikathibitishwa kuwa njaa kuu imeingia katika kambi ya Zamzam, karibu na El Fasher. Maji ya Nile yalikuwepo na ardhi ilikuwepo. Kilichokosekana ni amani. Asemaye kuwa kila dhiki ya Waislamu huletwa na wasiokuwa Waislamu na aitazame Gezira.

Tukishafahamu, tutende nini? Tuna kigezo. Mwaka wa 18 Hijria, uliojulikana kuwa Mwaka wa Ramada, ukame mkali uliipiga Hijaz. Sayyidna Umar (R.A.) aliomba mvua pamoja na watu, na hapo hapo akawaandikia magavana wake waleta chakula. Abu Ubayda akaja kutoka Sham na msafara wa ngamia waliobeba vyakula. Umar mwenyewe aliacha kula samli mpaka watu wapate nafuu. Baadaye, Misri ilipokwisha kufunguliwa, Amr bin al-As alifukua upya mfereji wa kutoka Nile hadi Bahari ya Shamu, ili nafaka ya Misri iifikie Hijaz kwa njia ya maji. Hapo pana dua, pana mpango wa usafirishaji, na pana kiongozi anayeonja dhiki ya raia wake. Na tuzingatie kwamba Misri hiyo hiyo, iliyokuwa ghala la Hijaz, katika zama zetu imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa ngano duniani, na kabla ya vita sehemu kubwa ya ngano hiyo ilitoka Urusi na Ukraine. Ghala za mataifa huhama, na anayetegemea ghala la mwenziwe yampasa ajue njia ya kufika huko na hatari zake.

Sisi hatuna ngamia wa Sham wala mfereji wa Nile. Lakini tunalo soko, na hapa ndipo penye uzito. Vita vya Ukraine havikupangwa na muumini yeyote wa msikiti wetu. Lakini mfuko wa unga ulionunuliwa kwa bei ya zamani, ukafungiwa stoo kungojea bei mpya, ulifungiwa na mtu tunayemjua, na huenda akasali safu ya mbele. Mtume (S.A.W.), katika Hadith iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Ma'mar bin Abdillah (R.A.), amemhesabu mwenye kuhodhi kuwa ni mkosaji. Hakutofautisha baina ya wakati wa vita na wakati wa amani.

Tusimdhulumu mfanyabiashara. Faida ni halali, na asemapo kuwa mfuko ujao atauagiza kwa bei ya juu, hoja yake ina haki. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, kama alivyopokea Anas (R.A.), alikataa kuwapangia watu bei walipomtaka afanye hivyo. Lakini maulamaa kama Ibn Taymiyya wamebainisha kuwa anayezuia chakula ilhali watu wanakihitaji aweza kulazimishwa akiuze kwa bei ya haki. Kuuza kwa bei ya soko ni biashara; kuuficha unga na kusema umekwisha ni ulanguzi na ni uongo.

Basi twapendekeza mambo matatu kwa misikiti yetu. Kwanza, khatibu atakayetaja jambo la dunia juu ya mimbari alitaje kwa sababu zake na tarehe zake baada ya kuthibitisha, kama Surat Al-Hujurat inavyotuamrisha kuzichunguza habari. Pili, wafanyabiashara wa kila msikiti wakae pamoja na waahidiane kutoficha chakula, na wanunuzi nao waache kuzoa dukani kuliko mahitaji yao, kwani hofu ya mnunuzi nayo ni kuhodhi kwa namna yake. Tatu, kamati ya msikiti inunue nafaka wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na iwe na orodha ya wajane, mayatima na wazee kabla dhiki haijafika.

Msukosuko mwingine utakuja, kutoka bahari nyingine na kwa sababu nyingine. Hatutaulizwa kwa nini hatukuzuia vita vya mataifa. Tutaulizwa kuhusu mizani zetu, stoo zetu na jirani aliyelala na njaa.

Wabillahi tawfiq.