Umekuja kwa nani?

UGENINI, na Rehema Mshana

Konda alinishusha Kondoa shingo upande. Tiketi yangu ilikuwa ya Dodoma hadi Kondoa, lakini basi lenyewe lilikuwa la Arusha, naye aliona kama ananitelekeza njiani. "Dada, hapa unashuka kwa nani? Twende zetu Babati, kule hukosi pa kulala." Nilimshukuru, nikavaa begi mgongoni, nikashuka. Ilikuwa saa nane mchana na jua la nyanda za kati lilikuwa limekaza.

Kijana wa bodaboda akawahi. Nikamwambia anipeleke gesti ya bei ya chini, mradi iwe safi. Kabla hajawasha pikipiki akageuka: "Umekuja kwa nani?"

Hadi adhana ya magharibi nilikuwa nimeulizwa swali hilo mara tano. Hakuna aliyeuliza kwa ubaya. Mama lishe aliuliza huku akiniongezea mlenda bila kudai nyongeza ya hela. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani aliitikia shikamoo yangu, akauliza vilevile, na nilipomwambia sina mwenyeji, nimekuja kuuona mji, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi mwenyeji wako ni mimi." Akanielekeza njia ya kwenda kwenye chemchemi, maji yaliyoufanya mji huu uwe kituo tangu enzi za misafara ya kutoka pwani.

Lakini swali lilinikaa moyoni kwa sababu ya kile kitabu cha wageni pale gesti. Mnakijua: daftari kubwa lenye jalada gumu, mistari imechorwa kwa rula na kalamu ya bluu. Jina. Kabila. Kazi. Atokako. Aendako. Niliperuzi kurasa mbili za nyuma wakati dada wa mapokezi akitafuta ufunguo. Mfanyabiashara, mkulima, dereva, mwalimu, mfanyabiashara, dereva. Kwenye "aendako" nikaandika Kolo. Dada akasoma, akaniangalia, akaangalia begi. "Kolo una msiba?"

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze, msomaji wangu. Sisi Watanzania tunasafiri sana. Mabasi yamejaa kila alfajiri. Tunakwenda misibani, harusini, shuleni, hospitalini, kazini, kuuguza na kuhesabu mifugo ya baba. Safari ya kwenda kuona tu, ya mtu mwenye begi moja na hela kidogo, tumewaachia wageni wa kutoka nje. Tumewaachia kabisa, kiasi kwamba mwanamke Mtanzania akishuka stendi peke yake bila mwenyeji, jamii nzima inamwonea huruma.

Wala si kweli kwamba jambo hili ni la kizungu. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu cha Safari za Wasuaheli, na ndani yake wamo watu wa pwani yetu wanaosimulia kwa Kiswahili chao wenyewe miji na nchi walizozitembelea. Selim bin Abakari alifika hadi Urusi na Siberia, akaeleza aliyoyaona kule. Zaidi ya miaka 120 baadaye, mjukuu wa watu hao anaona ajabu mtu kulala Kondoa usiku mmoja.

Na Kondoa imeonewa zaidi, kwa sababu barabara imekuwa nzuri. Wale wa umri wangu wanaikumbuka njia ile kabla ya lami, vumbi, mashimo, masika basi kulala porini. Ni sehemu ya ile njia ya kale waliyoiita ya Cape hadi Cairo. Mwaka 2018 barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa ikiwa lami tupu. Nashukuru kwa moyo wote. Wagonjwa na alizeti vinafika vinakokwenda. Ila zamani abiria alilala Kondoa akipenda asipende. Siku hizi anaupita mji akiwa amesinzia dirishani, na akiamka ni kwa sababu watu wanashuka kuchimba dawa.

Jioni ile nilitembea kwa miguu tu. Mji wenyewe ni mdogo, mabati na miti, vilima vya Irangi vimesimama upande wa juu. Masikio yangu yalifanya kazi kuliko macho. Kirangi kilikuwa kila mahali, na ni Kibantu lakini sikuambulia hata sentensi moja. Eneo hili la Kondoa na Chemba, wilaya iliyomegwa humo, lina utajiri wa lugha ambao sehemu chache sana za Afrika zinao: Warangi na Kibantu chao, Waburunge na Waalagwa wenye lugha za Kikushi, Wabarabaig wa Kinailoti, na Wasandawe ambao lugha yao ina vidoko, ile milio ya ulimi kugonga kinywani. Mtoto wa Kondoa anayasikia haya yote akienda kununua chumvi. Hivi kwa nini hatuwaleti wanafunzi wetu wa isimu hapa kila likizo?

Asubuhi nikaenda Kolo, kaskazini ya mji, barabara ileile ya Babati. Kabla ya kufika unaanza kuona makorongo mekundu, ardhi imechanika kama mkono mkubwa uliipasua. Huo ni mmomonyoko mkubwa wa Kondoa, ndio uliosababisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kuanzishwa mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutoka katika eneo lililoharibika zaidi. Mfikirie mfugaji aliyetoa ng'ombe wake wote ili mlima upone. Majani yalirudi, miti ikarudi. Sijui kama tumewahi kuwapa watu hao asante wanayostahili.

Pale Kolo unalipa kiingilio cha kuona michoro ya miambani, na cha Mtanzania ni nafuu mno kuliko cha mgeni wa nje. Unapewa mwongozaji. Kisha unapanda, na mlima wa Mungumi hautaki mchezo. Nilisimama mara tatu kuvuta pumzi. Juu kuna jiwe kubwa lililoinama kama paa la nyumba, na chini ya paa hilo, ukutani, wapo.

Wa kwanza niliyemwona alikuwa mtu. Mwembamba, mrefu kupita kiasi, rangi nyekundu iliyoiva kuelekea udongo, kichwa kimetuna kama amefumua nywele au amevaa kitu. Mistari ya mwili ilikuwa myembamba kama iliyochorwa kwa ubua. Nilisogea hadi pua ikakaribia jiwe, mwongozaji akanionya nisiguse, jasho la mkono linakula rangi. Nikarudi nyuma, na kila macho yalipozoea kivuli, wengine wakatokea: wanyama juu ya watu, watu juu ya wanyama, wachoraji wa vizazi tofauti wakichora palepale. Ile nyekundu ni ya wawindaji na waokota matunda, ambao wataalamu wanawahusisha na mababu wa Wasandawe. Ile nyeupe, nzito, imekuja baadaye, pamoja na wakulima na wafugaji. Mwongozaji akanieleza kwamba watu wa hapa bado wanakuja kwenye mwamba huu kuomba mvua na uzima. Nilijikuta nashusha sauti.

Mwanaakiolojia Mary Leakey aliifanyia kazi michoro hii mwaka 1951, akainakili kwa mkono jua hadi jua. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia: mapango na miamba zaidi ya 150 katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Katika orodha hiyo Tanzania ina maeneo saba. Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Mji Mkongwe kila mtoto wa shule anavitaja. Kondoa ndiyo iliyoingia mwisho, na ndiyo ninayoisikia kwa nadra kuliko zote.

Niseme kuhusu hela, maana barua nyingi za wasomaji huuliza hilo. Ukiacha nauli ya basi, siku mbili na usiku mmoja zilinigharimu Sh60,000: chumba, chai na chapati, wali maharage, bodaboda, kiingilio, na bakshishi ya mwongozaji. Sehemu kubwa ya hela hiyo ilibaki Kondoa. Haikupitia kampuni ya Arusha wala hoteli ya mtu asiyeujua mji. Ilikwenda kwa dada wa mapokezi, kwa mama lishe, kwa kijana wa pikipiki. Mgeni mdogo ndiye anayelisha mji mdogo, na Kondoa ingeweza kupata wageni wadogo kumi kila siku kama tungeamua.

Wenye dhamana ya mji nawaomba jambo lisilohitaji bajeti kubwa: kibao stendi, kwa Kiswahili, kinachosema magari ya Kolo yanaondokea wapi na saa ngapi. Walimu wa historia wa Dodoma, Singida na Manyara, mko karibu, leteni watoto.

Nilipokuwa natoka gesti, dada wa mapokezi aliniuliza kuna nini huko juu. Amezaliwa Kondoa, hajawahi kufika. Tumekubaliana nikirudi baada ya mavuno tutapanda pamoja, na kwenye daftari, penye "aendako", ataandika Kolo na yeye.