KONA YA KAZI: Kuandika Ukoo Nako ni Kazi

Mwezi huu tunaongea na vijana wenye mwandiko mzuri na subira ya kusikiliza wazee. Iko kazi inawafaa: kuandikia familia daftari la ukoo.

Ndugu zetu walioko Kampala wanajua. Muganda akijitambulisha rasmi hutaja jina lake, la baba, la babu, na ukoo wake. Wenyewe wanaita kulanya. Siku ya kwanjula, bwana arusi anapojulishwa kwa wazazi wa msichana, ukoo wake lazima ujulikane, maana watu wa ukoo mmoja hawaoani. Na msemaji hodari wa siku hiyo hulipwa. Sisi wakimbizi tuna haja zaidi. Wazee wanatutoka, na watoto waliozaliwa huku wengi hawajui hata jina la babu.

Kwanza, jua kazi. Mzee hakumbuki tarehe, anakumbuka mambo. Akisema "mtoto alizaliwa mwaka Nyiragongo ilipolipuka", uliza ni mlipuko upi, kwa mfano ule wa 1977 au wa 2002. Akitaja majina mawili ya mtu mmoja, usishangae: mwaka 1972 Mobutu aliamuru watu waache majina ya kizungu, kwa hiyo Joseph wa zamani akawa na jina jingine. Andika yote mawili. Alichoona mwenyewe kiandike mbali na alichosikia. Asichojua, acha nafasi wazi. Usijaze kwa kubahatisha.

Pili, jua bei. Hapa ndipo vijana wengi wanaanguka. Tuchukue mfano. Daftari gumu 5,000. Kuchapa kurasa 10 kwa 1,000 ni 10,000. Fotokopi za nakala 3 ni kurasa 30 kwa 200, yaani 6,000. Nauli 9,000. Jumla shilingi 30,000 kabla hujala. Ukitoza 40,000 kwa kazi ya siku 3, umebaki na 10,000 tu! Siku yako ukiihesabu 15,000, bei ya haki ni 75,000. Basi mweleze mteja hesabu hiyo mwanzoni, chukua nusu kabla ya kuanza, na mpe risiti hata ya kuandika kwa mkono. Mkubaliane pia ni nakala ngapi, na ni nani ataruhusiwa kusoma. Siri za familia si habari za kijiweni.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Lakini ukitaka kufungua meza mjini, uliza kwanza KCCA habari za leseni.

Tatu, jua usichouza. Kutafuta ndugu waliopotea vitani ni huduma ya Msalaba Mwekundu, nayo ni ya bure. Mama akikuambia hajui mtoto wake yuko wapi, usimtoze hata mia. Mpeleke huko, na umsaidie kupanga majina, vijiji na mahali walipoachana. Hayo ndiyo wataulizwa.

Halafu atakuja mtu na pesa mkononi: "Mwalimu, niandikie mtoto wa jirani kama wangu, tuna intavyuu." Kataa. Mwaka 2008 Marekani ilipima DNA za watu walioomba kuunganishwa na jamaa zao, ikianzia Nairobi, kisha na nchi nyingine, Uganda ikiwemo. Uongo ulionekana mwingi, mpango ukasimamishwa, haukufunguliwa tena mpaka 2012. Fikiri mama aliyesema kweli tupu, naye akangoja miaka yote hiyo pamoja na waongo. Na wewe, daftari lako moja likijulikana ni la uongo, nani ataamini mengine? Mali yako katika kazi hii ni jina lako.

Yatima aliyelelewa na jirani ana habari yake ya kweli. Iandike hivyo: nani alimzaa, nani alimlea, tangu lini. Kulea si aibu.

Kijana unayetaka kuanza, andika kwanza ukoo wa kwenu, vizazi vitatu. Nenda kwa bibi jioni akiwa ametulia. Daftari hilo ndilo utakalowaonyesha wateja, na hata asipopatikana mteja, wadogo zako watakuwa wamepata majina yao.