Uganda: Mradi wa sayansi na mahindi ya Kisenyi

Swali linalowasumbua wanafunzi wengi wa kidato cha tatu katika shule za Mengo, kilima cha Kampala penye Bulange, makao ya bunge la Buganda, ni fupi: mradi uhusu nini?

Swali hilo lina uzito mpya. Mtaala wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika Februari 2020 na kufikia mtihani wake wa kwanza wa taifa mwaka 2024, umeipa kazi ya darasani nafasi ambayo haikuwa nayo zamani. Tathmini endelevu inayofanywa na walimu hubeba asilimia 20 ya alama, na mtihani wa Bodi ya Taifa ya Mitihani, UNEB, hubeba asilimia 80. Juu ya hayo, kila mtahiniwa hutakiwa awe amefanya mradi unaogusa tatizo la jamii anamoishi.

Matokeo yake yanajulikana kwa mzazi yeyote aliyetumiwa orodha ya vitu vya kununua. Mwaka huu ni sabuni ya maji, mwaka ujao mishumaa, kisha makaa ya maganda ya ndizi. Hakuna ubaya katika sabuni. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anayefuata maelekezo yaliyoandikwa na mtu mwingine, kwa kemikali zilizochanganywa kwa vipimo vya mtu mwingine, hajauliza lolote, na anayeweza kununua zaidi huonekana amefanya vizuri zaidi. Mtoto wa mchuuzi hushindwa kabla ya kuanza.

Mada nzuri hutambulika kwa jambo moja: inaweza kugeuzwa kuwa swali ambalo mwanafunzi mwenyewe ataweza kulipima kwa vifaa alivyo navyo. Kwa wakazi wa Mengo, maswali ya namna hiyo yako chini tu ya kilima.

Kisenyi ni mtaa wa mashine za kusaga. Malori hushusha magunia ya mahindi kutoka mikoani, na unga wa posho husambazwa madukani na mashuleni. Mnamo Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu wanaoota kwenye nafaka isiyokaushwa vizuri, ambayo mtu akiila kwa muda mrefu huweza kumsababishia saratani ya ini. Zuio hilo liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti mapya, lakini wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuonja hasara.

Mwanafunzi akiandika kwamba mada yake ni "sumukuvu katika mahindi", amekwama. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kuipima kunahitaji maabara. Akirudi hatua moja nyuma na kutazama kisababishi, mlango unafunguka. Kuvu huhitaji unyevu, na unyevu hupimika. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi asilimia 13.5 ya unyevu. Wakulima wana njia ya zamani ya kukadiria: chumvi kavu hutiwa katika chupa ya kioo iliyo kavu pamoja na punje, chupa hufungwa na kutikiswa, kisha huachwa kwa dakika 15 hivi. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15 au zaidi. Isiponata, uko chini ya hapo. Kipimo hicho hakitoshi kuthibitisha kwamba mahindi yametimiza kiwango, na mwanafunzi mwangalifu ataliandika hilo waziwazi katika ripoti yake.

Sasa kuna swali: je, mahindi yanayoshushwa siku za mvua yana unyevu kuliko yale ya siku za jua? Gharama ni chumvi, chupa na konzi chache za mahindi. Kazi iliyobaki ni nidhamu: kuchukua sampuli tatu au zaidi kutoka kila gunia, kutumia kiasi kilekile cha chumvi, kuandika tarehe na hali ya hewa, na kutofuta tokeo lisilopendeza. Ikionekana kwamba hakuna tofauti, mradi haujashindwa. Hilo nalo ni jibu.

Katwe, jirani hapo, mafundi huyeyusha vyuma chakavu na kusubu masufuria ya alumini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu masufuria ya namna hiyo nchini Cameroon ulionyesha kwamba risasi huweza kuingia katika chakula. Ni mada inayovutia, na shule nyingi haziwezi kuipima. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi hivyo mapema humwokolea muhula mzima.

Walimu nao wana hoja yao. Darasa la wanafunzi 80 haliwezi kusimamiwa miradi 80, na orodha ya sabuni na mishumaa ni njia ya kujinusuru. Lakini vikundi kumi vinaweza kuuliza swali moja katika maduka kumi tofauti, na hapo takwimu huwa nzuri kuliko za mwanafunzi mmoja.

Liko pia suala la lugha. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na wazazi wengi wa Kisenyi wanaozungumza Kiswahili hujiona hawana la kuchangia. Hata hivyo, mfanyabiashara wa nafaka anayejua kwa kuuma punje kama imekauka ana ujuzi ambao hauko katika kitabu cha kiada, na kuulizwa na mwanawe kwa Kiswahili kunatosha kuanzisha mradi.

Muda ndio unaobana. Mahindi ya msimu wa kwanza huanza kuingia Kampala karibu na Juni na Julai, katikati ya muhula wa pili. Kikundi kinachotaka kuyapima yakiwa mapya kinapaswa kuwa kimeandika swali lake na kulijaribu kwa chupa moja kabla ya muhula wa kwanza kufungwa mwezi Mei.