Dakika zilizomrudisha Eriksen uwanjani

Jumamosi ya Juni 12, 2021 tulikuwa sebuleni tukiangalia Denmark na Finland kwenye michuano ya Ulaya. Mama hana habari na mpira, alikuwa anachambua mchele. Dakika chache kabla ya mapumziko, Christian Eriksen, kiungo wa Denmark, akaanguka bila kuguswa na mtu. Mama akauliza: "Mbona wanambonyeza kifua? Si wampepee?"

Tangu nianze kuandika habari za afya, swali hilo nimelisikia mara nyingi.

Eriksen alikuwa na miaka 29. Alitoka kwao akiwa kijana kwenda Ajax, akachukua ubingwa wa Uholanzi mara tatu, akacheza Tottenham hadi fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, kisha Inter Milan, ambako alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa Italia. Vipimo vya moyo alivyofanyiwa Tottenham havikuonyesha tatizo. Moyo ukasimama.

Wengi tunachanganya hali hii na shambulio la moyo. Kwenye shambulio, mshipa unaolisha moyo unaziba, na mara nyingi mgonjwa anaongea na kulalamika maumivu. Moyo ukisimama ghafla, umeme wake umevurugika na damu haiendi popote. Mtu anazimika, na ndani ya dakika chache ubongo unaanza kuharibika. Kumpepea, kumwagia maji au kumnusisha kitunguu hakusukumi damu. Mikono inasukuma. Pale Copenhagen walibonyeza kifua, wakaleta mashine ya kushtua moyo, na daktari wa timu alisema shoti moja ilitosha kumrudisha. Huko Denmark, tangu 2006 hupati leseni ya udereva bila kupita kozi ya huduma ya kwanza. Ningependa hata makondakta wetu waanze na hiyo.

Kilichofuata kimenifundisha kitu kingine. Eriksen aliwekewa kifaa kidogo kifuani kinachofuatilia mapigo na kutoa shoti chenyewe moyo ukivurugika. Kanuni za Italia hazikumruhusu kucheza nacho, hivyo Desemba 2021 yeye na Inter wakaachana kwa makubaliano. Uingereza haikuwa na katazo hilo. Brentford wakamchukua, na Februari 26, 2022, siku 259 baada ya kuanguka, akaingia uwanjani dhidi ya Newcastle. Manchester United wakafuata. Juni 2024, katika mechi yake ya kwanza ya michuano ya Ulaya tangu siku ile, akafunga dhidi ya Slovenia. Mwaka 2025 akaenda Wolfsburg, Ujerumani.

Siwalaumu Waitalia, waliogopa kumzika mchezaji. Lakini namshukuru Eriksen kwa kucheza huku dunia nzima ikijua ana nini kifuani. Kwenye familia zetu mtu anaficha presha hata kwa mkewe, akihofia kazi. (Mwenye kifaa kama hicho asikimbilie uwanjani kwa sababu ya makala hii, aongee na daktari wake.)

Sasa nyumbani. Mtu kaanguka, haitiki, hapumui, au anavuta pumzi moja moja kama anakoroma: tuma mmoja apige simu na kutafuta gari, wewe mlaze chali sakafuni, si kitandani. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi kila mara. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Usiogope kumuumiza, mbavu zinapona.

Mama alijaribu wiki iliyopita kwenye mto wa kochi. Alipofika 60 akaanza kuhema, akasema hii ni kazi ya vijana. Nikamwambia ndiyo maana mnapokezana, na baba akaitwa kutoka nje.