ASKARI WA LANGO NAYE AFUNDISHWE KAZI



Katika mikutano ya matawi yetu neno moja limeletwa mara nyingi na ndugu zetu wanaolinda malango, magodauni, mashule na maofisi. Wanasema hivi: Twapewa yunifomu, rungu na tochi, twaonyeshwa mahali pa kusimama, na tangu usiku huo twaambiwa kwamba usalama wa mahali pote uko juu yetu. Hapana mtu aliyetufundisha la kufanya moto ukiwaka, wala mtu akizimia, wala gari tusilolijua likija kwa nguvu langoni. Lakini siku jambo likitokea, wa kwanza kuulizwa ni sisi, na wa kwanza kufukuzwa ni sisi.

Neno hili tumelifikiri, na leo twataka kulieleza kwa urefu, maana haliwahusu askari peke yao. Lamhusu mpishi wa shule, dereva wa lori la mafuta, kijana wa kiwandani na karani wa ghorofa ya tano. Hatari haichagui mwenye tai na mwenye aproni.

Tukumbuke Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, mjini Nairobi. Asubuhi, kama saa nne na nusu, lori lilifika upande wa nyuma wa Ubalozi wa Marekani, karibu na njia panda ya Moi na Haile Selassie. Askari waliolinda hapo walikuwa watu wa hapa kwetu, wasio na bunduki, walioajiriwa kwa kandarasi. Lango hawakulifungua. Wale wauaji wakatupa guruneti na kupiga risasi. Askari mmoja alijaribu kuwaita walinzi wa ndani kwa redio, lakini redio ilikuwa na njia moja tu, nayo wakati huo ilikuwa inatumiwa. Na simu nayo ilikuwa na watu wanaozungumza. Wakati huo huo watu waliokuwa ndani ya majumba walisikia ule mlio wa kwanza, wakaenda madirishani kutazama kuna nini. Ndipo bomu likalipuka. Wengi walipofushwa na wengine wakauawa na vioo.

Siku ile watu 213 walikufa Nairobi, na maelfu wakaumizwa. Katika waliokufa, 44 walikuwa wafanya kazi wa ubalozi wenyewe, na 32 kati ya hao walikuwa watu walioajiriwa hapa hapa nchini. Baadaye Marekani iliweka baraza la kuchunguza, likiongozwa na Admiral William Crowe, nalo likatoa taarifa mwezi wa Januari 1999. Mojawapo ya mambo liliyoyaona ni kwamba wafanya kazi hawakuwa wamezoezwa nini cha kufanya bomu la gari likija, wala hapakuwa na king'ora cha kuwaonya kwa hatari ya namna hiyo.

Twaomba kila mwanachama atie jambo hili moyoni. Kumwambia mtu, "Ukisikia mlipuko usiende dirishani, lala chini, jifiche nyuma ya ukuta," hakuhitaji mashine wala pesa nyingi. Kunahitaji mwalimu, saa moja, na kurudiwa mara kwa mara mpaka mwili uzoee. Askari wa lango lile walikuwa na moyo, maana hawakulifungua. Walichokosa ni chombo cha kuitia, na watu wa ndani walikosa mazoezi ya kuitikia.

Tena tuitazame habari ya Kyanguli, Machakos, mwezi wa Machi 2001. Bweni la wavulana lilichomwa moto usiku, na wanafunzi 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Tangu hapo mabweni mengine yameungua. Huko Endarasha, Nyeri, mwezi wa Septemba 2024 watoto 21 walikufa. Mlinzi wa shule huweka funguo, na mtu anayeweka funguo ndiye anayeshika roho za watu usiku. Je, ameambiwa ni mlango gani haufungwi kamwe watu wakiwa ndani? Ameonyeshwa ufunguo wa pili uko wapi? Ajua idadi ya waliolala mle? Kama hakuambiwa, basi aliyemweka pale ndiye wa kuulizwa.

Na madereva wetu hawajasahau Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka na watu zaidi ya 100 wakafa walipokuwa wakichota petroli. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yalivuja katika mtaa wa Sinai, Nairobi, na watu kama 100 wakaungua. Umaskini ndio uliowapeleka watu kuchota, na wenye maneno makali juu ya maiti hatuwaungi mkono. Lakini twasema kwamba mvuke wa petroli hutambaa chini kama maji, wala hauonekani kwa macho, na cheche moja iliyo mbali yaweza kuuwasha. Dereva na utingo wake wakifundishwa jambo hili, wataweza kuwaonya watu na kuwazuia wasikaribie kabla polisi hawajafika.

Sasa tuulize: sheria yasemaje? Wako matajiri wanaotaka tuamini kwamba mafunzo ni fadhila, kama chai ya saa nne. Sivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awafundishe watu wake juu ya hatari za kazi, aweke huduma ya kwanza, na apange njia ya kuwatoa watu wakati wa hatari na kuijaribu njia hiyo mara kwa mara. Penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, ambamo wafanya kazi wana viti sawa na upande wa mwajiri. Kanuni za moto za mwaka huo huo zataka mazoezi ya moto yafanywe angalau mara moja kila mwaka. Sheria hiyo tena yasema kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwarifu msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi mahali pale kabla hatari haijaondolewa.

Kwa askari wa makampuni iko sheria yao wenyewe, ya mwaka 2016, iliyoweka mamlaka ya kusimamia kazi ya ulinzi, na inayotaka mlinzi aandikishwe na awe amepata mafunzo. Basi aliyesimama langoni bila kufundishwa amewekwa pale kinyume cha sheria, na kosa si lake.

Twajua jibu litakalotoka ofisini: "Pesa hakuna." Tupige hesabu pamoja. Kila mwajiri atakiwa kulipa Shs. 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, kuwa kodi ya mafunzo, ambayo yasimamiwa na NITA. Kodi hiyo ni ya mwajiri. Haikatwi katika mshahara wetu. Kampuni yenye watu 200 hulipa Shs. 10,000 kila mwezi, yaani Shs. 120,000 kwa mwaka. Na mwajiri aliyewapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyokubaliwa aweza kuomba arudishiwe gharama kutoka mfuko huo. Basi mwakilishi wetu akiambiwa pesa hakuna, na aulize kwa adabu: Bwana, kodi ya mafunzo mwalipa? Na mwaka jana mliomba kurudishiwa ngapi? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Jibu la pili ni lile la mithali: "Ajali haina kinga." Wazee waliosema hivyo ndio waliosema pia, "Tahadhari kabla ya hatari." Hatuwezi kuiacha mithali moja imeze nyingine kwa faida ya mwenye mali. Tena sheria ya fidia ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi akiuawa kazini, wategemezi wake walipwe kiasi cha mishahara ya miezi 96. Hiyo ni haki, nasi tutaidai mpaka senti ya mwisho. Lakini hapana mjane aliyekuja katika ofisi yetu kuchukua fomu ambaye asingependa kumpata mumewe kuliko hiyo miezi 96.

Iko na hofu ya upande wetu wenyewe, nasi hatutaificha. Wanachama wengine, hasa wenye umri, wanasema: "Vyeti hivi vitatufukuzisha. Vijana waliosoma watapita mtihani, na sisi tuliokesha miaka 20 tutaambiwa hatufai." Hofu hii ina msingi. Ndiyo sababu chama hakiwezi kukubali mtihani wa kalamu peke yake. Mtu aonyeshe kwa mikono namna ya kushika mtungi wa kuzimia moto. Aseme kwa kinywa, kwa Kiswahili, atakavyowaita Zima Moto. Amfunge jeraha mwenzake mbele ya mtahini. Ujuzi alioupata kazini uhesabiwe. Mlinzi mzee anayejua kila sauti ya usiku ana elimu ambayo kijana bado hana, na cheti kizuri ni kile kinachoipima elimu hiyo.

Na mafunzo yenyewe yawe mafunzo. Siku moja ya kupiga kwata na kusaluti meneja haitoshi. Twataka askari afundishwe kwamba maji hayamwagwi juu ya moto wa mafuta wala wa umeme. Kwamba mlango ukifungwa bila kufuli huchelewesha moto, na ukiachwa wazi huulisha. Kwamba kifurushi kisichojulikana hakiguswi, bali watu husogezwa mbali. Afundishwe kukandamiza jeraha linalotoka damu, na kutomwinua ovyo aliyeanguka kutoka juu. Afundishwe kupiga 999 au 112 na kusema mambo matatu kwa utulivu: mahali, jambo lenyewe, na watu wangapi wameumia. Afundishwe kuwahesabu watu waliotoka nje, ili Zima Moto wakifika waambiwe kama kuna aliyebaki ndani. Na afundishwe kumkabidhi mwenzake zamu kwa maandishi, maana mambo mengi hupotea kati ya anayetoka na anayeingia.

Kwa vijana wetu twaongeza neno. Kazi hizi zina ngazi, na ngazi hiyo yafaa ipandwe. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya kuzima moto na kushughulikia maafa, na kaunti zahitaji watu. Msalaba Mwekundu wa Kenya, uliowekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, hufundisha huduma ya kwanza, St. John nao hufundisha. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kina idara za elimu ya maafa mpaka digrii. Hapana sababu mtoto wa bawabu, au bawabu mwenyewe, asianze langoni na kuishia katika chumba cha kuongoza uokoaji. Kinachomzuia ni cheti chake kufungiwa katika kabati la kampuni, na zamu ya saa 12 isiyompa nafasi ya kufungua kitabu.

Kwa hiyo, katika mapatano yajayo na waajiri, twapendekeza matawi yasimamie madai haya:

1. Mafunzo yafanywe katika saa za kazi, kwa mshahara kamili. Mtu aliyekesha usiku kucha asipelekwe darasani asubuhi. Atalala, na hilo litaitwa uvivu.

2. Gharama ya mafunzo na yunifomu isikatwe katika mshahara.

3. Cheti kiwe mali ya mfanya kazi, naye aondoke nacho akiondoka.

4. Kila zamu, hata ya usiku, iwe na angalau mtu mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza na mmoja aliyefundishwa kuzima moto, nao waongezwe posho kwa wajibu huo.

5. Mazoezi ya kutoka nje yafanywe na watu wote, meneja akiwamo, na ripoti yake iletwe mbele ya kamati ya usalama.

6. Mfanya kazi wa zamani asiachishwe kazi kwa kukosa cheti kabla hajapewa mafunzo na nafasi ya kujaribiwa tena.

Nasi wenyewe tuna wajibu. King'ora cha mazoezi kikilia, wengine wetu huteremka wakicheka, wengine huenda kununua mandazi, na wengine hubaki mezani wakisema, "Ni mchezo tu." Mwanachama anayefanya hivyo avunja dai letu. Hatuwezi kumwambia mwajiri asubuhi kwamba mazoezi ni uhai wetu, kisha mchana tuyafanye saa ya sigara. Na viti vyetu katika kamati za usalama visikae vitupu. Mahali ambapo kamati haipo, mwakilishi aandike barua kwa mwajiri mwezi huu, na nakala iletwe katika ofisi ya tawi.

Mwisho twawaambia ndugu zetu walio langoni usiku huu, wenye koti zito na kikombe cha chai iliyopoa: kazi yenu ni kazi ya ujuzi, na yastahili kufundishwa na kulipwa kama kazi ya ujuzi. Chama kitalisema jambo hili mezani. Nanyi njoni mkutanoni kwa wingi, ili tutakapolisema, mwajiri ajue ni wangapi wanaosema.

Umoja ni nguvu.