Nani Amewakataza Kufundisha?

Kila mara shule za Mandera, Wajir au Garissa zinapokosa walimu, kauli ile ile hutoka katika ofisi za Nairobi: vijana wa kule hawataki ualimu. Wanataka biashara, wanataka mashirika ya misaada, wanataka ngamia wao. Sisi tunaikataa kauli hii. Ni hoja ya mshtakiwa aliyejivika joho la mshtaki.

Wananchi wenzetu, tuanze mbali kidogo. Wakoloni waliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa. Wamisionari waliojenga shule Kikuyu, Maseno na Bura hawakupewa nafasi kama hiyo huko. Serikali ya Uhuru ikaurithi ufunguo pamoja na mlango. Sheria za hali ya hatari zilikaa mabegani mwa watu wa kaskazini hadi 1991, mwaka ule ule Kifungu 2A kilipofutwa. Waraka wa Kikao Na. 10 wa 1965, ambao wengi husifu bila kuusoma, ulielekeza fedha za maendeleo mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu wanaoyapokea maendeleo. Tafsiri yake ni kwamba aliyekuwa nacho aliongezewa. Na mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni, peke yao, kuthibitisha kwamba ni raia. Basi mtu anayeuliza kwa nini watoto wa watu hao hawakukimbilia kuwa watumishi wa serikali ana ujasiri wa ajabu.

Lakini hatutaki kusimama kwenye historia tu, maana watawala huipenda sana historia pale inapowalaumu waliokwisha kufa. Tuutazame mlango wa ualimu wenyewe, jinsi ulivyo leo.

Diploma ya ualimu wa shule za msingi inadai wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne. Kwa mtoto wa Kiambu hicho ni kizingiti. Kwa mtoto aliyesoma katika shule yenye walimu watatu kwa madarasa manane, ambaye somo la hisabati lilikaa mihula bila mtu wa kulifundisha, hicho ni ukuta. Hatusemi alama zishushwe ovyo. Mtoto wa mfugaji anastahili mwalimu hodari kama mtoto wa waziri. Tunasema kwamba Serikali iliyomnyima mwalimu haiwezi kumlaumu kwa kutofikia alama ambazo mwalimu ndiye angemfikisha. Kwa wasichana ni vigumu zaidi, kwa kuwa wengi huacha shule kabla ya kidato cha nne, na mzazi asiyeona mwalimu hata mmoja wa kike shuleni ana sababu yake ya kusita.

Tuseme amepata C yake. Ili asajiliwe na Tume ya Huduma kwa Walimu anahitaji kitambulisho cha taifa. Kwa miaka mingi kijana wa kaskazini, Mnubi wa Kibera na wengine wa jamii za mpakani hawakukipata kama Wakenya wengine; walipigwa msasa mbele ya kamati za wazee na maafisa, wakatakiwa walete vyeti vya babu ambaye hakuwahi kupewa cheti. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi kwa mtindo huo. Amri ya Rais ya kuukomesha msasa ilitoka Februari 2025, huko Wajir. Tunaipokea, ila tunaihesabu miaka iliyopotea.

Tuseme na kitambulisho anacho. Ajira iko wapi? Mwaka 1997 walimu waligoma, wakaahidiwa nyongeza kubwa ya mishahara. Mwaka 1998 ahadi ikavunjwa, na mwaka huo huo Serikali ikasimamisha uajiri wa walimu wapya. Tangu hapo wahitimu husubiri miaka, na tangu 2019 wengine huchukuliwa kama wanagenzi kwa posho ya kibarua. Kijana aliye wa kwanza kusoma katika ukoo wake, anayetegemewa na jamaa kumi, hana anasa ya kusubiri. Serikali ya kaunti ikimwita, ataenda. Sisi tungeenda.

Sasa tuseme na Wakristo wenzetu waziwazi. Novemba 2014 basi lilisimamishwa karibu na Mandera na watu 28 wakauawa kwa sababu ya dini yao, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ikawahamisha walimu wasio wenyeji. Makanisa yaliwazika watoto wao, na kilio hicho ni chetu sote. Mwalimu wa Kisii au Kakamega ana haki ya kulindwa popote Kenya. Lakini walimu walipoondoka, watoto walibaki madarasani na ubao mtupu. Nao hawakumwua mtu. Anayewaadhibu wao anafanya walichotaka wauaji.

Katiba ya 2010 haikusahau. Kifungu 56 kinailazimisha Serikali kuweka mipango itakayowapa walio wachache na waliotengwa nafasi maalumu katika elimu na katika ajira. Ni kweli kwamba Hazina ya Usawazishaji ya Kifungu 204 inataja maji, barabara, afya na umeme, na haitaji elimu. Mawakili wa Serikali watakimbilia hapo. Wakumbusheni Kifungu 56.

Mbunge wenu akija kanisani Jumapili na bahasha yake ya harambee, mwulizeni mambo matatu kabla ya sadaka kupokewa. Ni nafasi ngapi za vyuo vya ualimu zimetengewa watoto wa jamii hizi, pamoja na mwaka wa matayarisho kwa waliokosa C kidogo? Atakayehitimu na kukubali kufundisha kwao ataajiriwa lini, kwa mkataba wa kudumu? Na Bunge lilipiga kura gani juu ya fedha hizo? Akisema vijana wa kule hawapendi ualimu, mwombeni awataje aliowauliza.