Kuingia sio kufaa

Najua nimepotea. Niko TP hapa Songea, hii ni wiki ya nne, usiku naandika maandalio ya somo, mchana nasahihisha madaftari mpaka vidole vinauma. Niliahidi nikirudi nitaleta stori za ofisi ya walimu. Zisubiri. Leo nataka kuongelea spea za magari ya zamani. Msicheke bwana, nina hoja, na gari la babu yangu liko katikati ya hoja yenyewe.

Gari ni Land Rover Series IIA, ile ndefu, 109. (Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, wengi tunaitaja tu bila kujua.) Series IIA zilitengenezwa kati ya 1961 na 1971, kwa hiyo hili gari limewazidi umri hata wazazi wa wanafunzi wangu. Limebeba kahawa, limebeba wagonjwa, limebeba maharusi, na mimi mwenyewe nimelitapikia nikiwa mdogo. Sasa liko nyuma ya nyumba limepaki.

Msimu wa mvua uliopita lilikwama kwenye tope, wakaunganisha gia ya mbele ili matairi yote manne yavute, mara paap! Hafu shafti ya nyuma ikakatika. Wakaweka nyingine. Tope la pili, ikakatika tena. Ba'mdogo akasema basi, gari limezeeka, waje watu wa chuma chakavu na mizani yao. Babu hajasema kitu. Kila Jumapili akitoka kanisani anachukua kitambaa anaenda kulifuta vumbi, halafu anarudi kukaa.

Mimi nikaomba apitie fundi mmoja mzee wa Mfaranyaki kabla ya hiyo mizani. Alikuja na hafu shafti ya tatu, akaifunga, lakini hakuwasha gari. Aliniita: "Mwalimu, wewe si wa hesabu? Njoo uhesabu." Akaweka mawe kwenye matairi, akatoa gia, akaachia breki ya mkono (breki ya mkono ya gari hili inashika propela, sio matairi). Akanyanyua tairi moja la nyuma kwa jeki, akapiga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. "Nazungusha tairi mara mbili kamili. Wewe angalia propela tu." Nikahesabu: tatu na nusu. Tukahamia mbele, tairi moja juu, mara mbili kamili. Nikahesabu: nne na karibu robo tatu. Tukarudia, majibu yale yale. Mzee akakaa chini akaanza kucheka.

Nitawaeleza alivyonieleza. Difu ya Land Rover hizi ni ya 4.7, yaani propela izunguke mara 4.7 ndio matairi yazunguke mara moja. Ukinyanyua tairi moja tu lile jingine likiwa limeshikwa, inabidi ulizungushe mara mbili kupata hesabu hiyo hiyo, ndio maana ya zile mbili. Sasa Range Rover za zamani na Discovery za mwanzo zina difu ya 3.54. Umbo lake linafanana, linakaa kwenye ekseli ile ile, na meno ya shafti ni kumi kama ya kwetu. Pengine unabadilisha flanji ya propela tu. Linaingia bila ugomvi. Basi miaka iliyopita kuna mtu aliweka difu ya 3.54 nyuma, mbele akaacha 4.7.

Kwenye lami hakuna aliyeona kasoro. Tena babu anakumbuka kuna wakati gari "lilikuwa jepesi" kwenda Makambako ila milima lilianza kuichukia. Lazima! Chukua 4.7 gawa kwa 3.54, unapata kama 1.33. Mshale wa spidi ukisema 60 wewe uko karibu 80. Lakini siku ukiunganisha gia ya mbele, matairi ya nyuma yanataka kwenda theluthi moja zaidi ya ya mbele, na yote yamefungwa kwenye giaboksi moja. Kitu lazima kiachie, na kinaachia kile dhaifu, hafu shafti. Ungeweza kuweka hata kumi mpya kutoka Uingereza, zingekatika zote kumi. Gari halikuzeeka jamani. Lilikosewa hesabu.

Sasa hoja yangu. Hapa mjini kuna makundi mawili. Kundi la kwanza ni watu wa "orijino tu". Wale ambao Oktoba 2024 waliona picha za tamasha la Land Rover kule Arusha, mamia ya magari yamejipanga, wakarudi wanasema kitu kisichotoka na gari ni uchafu. Nawaheshimu, ila gari la miaka zaidi ya hamsini likisubiri orijino kwa kila kitu litasubiri mpaka babu atuache. Na waliotengeneza magari haya wenyewe walikuwa wanatumia kifaa kimoja kwenye gari zaidi ya moja. Kubadilishana spea sio dhambi. Wapo hata wanaoweka 3.54 mbele na nyuma kwa makusudi, wanajua watapata mwendo na watalipia mlimani.

Kundi la pili ni "kikiingia twende". Hawa ndio wananitisha. Mfano mdogo: bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94. Ukishika na ya milimita 8 huwezi kuzitofautisha kwa macho. Lakini ile ya inchi yenye uzi mwembamba ina nyuzi 24 kwa inchi, kama milimita 1.06 kutoka uzi hadi uzi, na ya milimita 8 ya kawaida ni 1.25. Nati inaingia mizunguko miwili mitatu, halafu inagoma. Mwenye haraka anaongeza spana ndefu. "Imekaza hiyo!" Haijakaza, imekula uzi. Sasa hiyo nati iwe ya breki au ya usukani, na wewe uwe unateremka kwenda Mbamba Bay na watu nyuma....

Kwa hiyo nasema hivi: spea ya gari jingine ni halali kama imepimwa na imeandikwa. Isiyoandikwa ni mtego anaotegewa mtu ambaye hujamjua.

Kupima sio uchawi. Anza na namba ya chasisi, usiamini mwaka wa kwenye kadi peke yake. Series IIA zina herufi mwishoni mwa namba, na herufi hiyo ndiyo inakwambia vifaa vilikuwa vimeshabadilishwa mpaka wapi. Halafu soma kifaa chenyewe. Beringi iliyoandikwa 6205 ni 25 kwa 52 kwa 15 milimita, awe ameitengeneza Mjerumani au Mchina. (Chukua hizo tarakimu mbili za mwisho, 05, zidisha kwa 5, unapata tundu la katikati. 6206 ni 30. Nilipomwambia mzee kwamba hiyo ni kanuni akasema yeye anaijua tangu sijazaliwa.) Sili za oili nazo nyingi zina namba tatu: ndani, nje, unene. Kama namba imefutika, pima kwa venia. Na hapa niseme ukweli wangu: venia mimi niliijua kwa desa la usiku wa kuamkia mtihani. Wanafunzi wangu wanapimia kipande cha mbao, wananiuliza mwalimu inasaidia nini, nami nilikuwa najibu "itakuja kwenye mtihani". Aibu.

Lakini kilichonikaa zaidi ni kingine. Nilimuuliza mzee haya yote ameandika wapi, beringi ya maji ya gari gani inaingia gari gani, sili ipi ya lori inafaa hapa. Akajigonga kichwani. Halafu akaniambia jicho la kushoto limeanza ukungu. Hana mwanafunzi kwa sasa. Huyo aliyeweka difu ya 3.54 inawezekana naye alijua kabisa alichofanya, pengine alipanga arudi kumalizia ya mbele. Hakuandika, hakumwambia babu, na kosa lake likahesabiwa kuwa uzee wa gari.

Nikamwomba mzee nimwandikie. Akacheka: "Ukiandika siri zangu mwalimu, mimi nitakula nini?" Ni swali la haki na sikulijibu haraka. Nilichomwambia ni kwamba watu wanamfuata kwa mikono yake, daftari halifungi difu. Na kwamba nitamlipa muda wake, sio kuja kudesa bure. Akasema njoo Jumamosi, uje na kalamu inayoandika.

Nimeenda Jumamosi mbili. Kurasa kumi na moja. Ukurasa wa kwanza ni gari la babu: namba ya chasisi na herufi yake, difu ya mbele 4.7, ya nyuma 3.54, tarehe tuliyohesabu, na maandishi makubwa mekundu USIUNGANISHE GIA YA MBELE. Nakala nimebandika ndani ya mlango wa dereva.

Ba'mdogo amenipa mpaka mwisho wa TP. Mzee amesikia kuna mzoga wa Land Rover Mbinga, unaweza kuwa na difu ya nyuma ya 4.7. Nimesema "unaweza". Tutaenda na jeki na chaki, tutahesabu kwanza, ndio tuongelee hela. Bumu lenyewe mnalijua.

Wenzangu wa ualimu mlioko TP mikoani, karibu na shule yenu lazima kuna gereji yenye mzee. Nendeni na daftari. Msisahau shikamoo, na msiende mikono mitupu.

Ni hayo tu kwa leo. Kesho nina kipindi cha kwanza, na safari hii venia inapima beringi.